KURUDI CHUONI BAADA YA GREDI MBAYA: ANZA NA KARATASI YAKO YA ZAMANI

Kila mara matokeo ya KCSE yakitangazwa, watu wa aina mbili hutujia ofisini. Wa kwanza ni vijana waliomaliza shule juzi. Hao huja mchana, wakiwa kundi, na kelele zao husikika kutoka langoni. Wa pili huja jioni, foleni ikiisha. Ni watu wa miaka ishirini na mitano, thelathini, wengine wana watoto shuleni. Walifanya mtihani zamani wakapata D, au waliingia chuo wakaanguka wakaacha. Hawa huuliza kwa sauti ya chini: "Je, mimi bado nina nafasi?"

Makala haya ni ya hao wa jioni. Jibu ni kwamba nafasi ipo. Lakini wengi wanaikosa kwa sababu moja: wanaificha karatasi yao ya zamani, na karatasi hiyo ndiyo inayotakiwa kwanza.

YALIYONIPATA MIMI

Nasema haya kwa sababu nami nilikuwa mmoja wao. Wazee wangu ni watu wa Chula. Walitoka kisiwani kwa mashua baada ya serikali ya Somalia kuanguka Januari 1991, wakakaa kambi za Mombasa, na kambi hizo zilipofungwa wakaletwa huku Dadaab. Mimi nilizaliwa Ifo. Nilifanya KCSE mwaka 2019 nikapata pointi 29, yaani D+. Nyumbani palikuwa kama pana matanga. Babu yangu, ambaye maisha yake yote ni ya nyavu na mashua, ndiye peke yake aliyeniuliza, "Sasa D+ inakuruhusu kufanya nini?" Wengine wote waliniuliza kwa nini sikupata C+.

Januari 2020 nilijiunga na chuo kimoja kwa kozi ya cheti ya maendeleo ya jamii. Machi vyuo vyote vya Kenya vikafungwa kwa sababu ya korona. Vilipofunguliwa nilirudi kwa muda mfupi tu. Nilifanya masomo manne, nikapita mawili, nikaanguka mawili. Kisha nikaacha, na deni la ada nikaliacha nyuma.

Mwaka 2024 nilitaka kusoma tena. Nilikwenda chuo kingine nikajaza fomu kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga chuo. Karani wa usajili alisoma fomu yangu akaniuliza, "Tangu 2019 ulikuwa wapi?" Nilinyamaza. Akaniambia, "Kama ulisoma mahali, andika. Huenda kuna kitu chako huko." Nilirudi kambini nikiwa na hasira, lakini alikuwa amesema kweli. Nililipa deni la chuo cha kwanza kidogo kidogo kwa miezi minne, nikapewa karatasi yangu ya matokeo, na chuo kipya kikakubali yale masomo mawili niliyopita. Lau ningeendelea kuficha, ningeyarudia yote manne na kulipia yote manne.

1. GREDI YA ZAMANI HAIFUTIKI, WALA HAIKUFUNGI

Kwetu sisi watu wa visiwani neno "chuo" kwanza ni chuo cha Qur'ani. Kila aliyesoma huko anajua jambo moja: mtoto akikwama kwenye sura fulani, mwalimu humrudisha kwenye sura ile ile. Hamrudishi kwenye alifu. Alichokwisha kukihifadhi ni chake.

Vyuo vya serikali navyo hufuata njia iliyo karibu na hiyo. Somo ulilopita linaweza kuhesabiwa. Ulilokosa unalirudia. Lakini mwalimu mpya hawezi kujua umefika wapi mpaka aone karatasi yako. Ndiyo maana tunasema anza na karatasi.

2. KUSANYA KARATASI ZAKO KABLA YA KUOMBA

Hizi ndizo zinazotakiwa mara nyingi:

(a) Cheti cha KCSE. Kama kimepotea au kimeungua, usikate tamaa. Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) huweza kuthibitisha matokeo yako kwa barua, na hutoa cheti kingine badala ya kilichopotea. Utahitaji namba yako ya mtihani, mwaka, na jina la shule. Kama huikumbuki namba, rudi shuleni ulikosoma. Daftari za watahiniwa huhifadhiwa.

(b) Transkripti, yaani karatasi ya matokeo ya masomo yote uliyofanya chuoni, uliyopita na uliyoanguka.

(c) Barua ya chuo cha zamani inayoeleza ulivyoondoka. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyeahirisha masomo, aliyeacha bila kuaga, na aliyesimamishwa kwa sababu ya matokeo. Jua wewe ni yupi kabla hujaulizwa.

(d) Muhtasari wa masomo uliyosoma. Chuo kipya huulinganisha na wa kwake kabla ya kukubali somo lako.

(e) Kitambulisho chako cha mkimbizi.

Angalia majina. Watu wengi wameandikwa jina moja kwenye cheti cha shule na jingine kwenye kitambulisho. Mmoja ni Mohamed huku na Muhammad kule, mwingine jina la babu limeachwa. Jambo hili dogo limezuia watu wengi langoni. Dawa yake ni kurekebisha mapema, au kupata hati ya kiapo kwa wakili inayosema kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Kama ulisoma nje ya Kenya, cheti chako cha shule hupelekwa KNEC ili kilinganishwe na cha Kenya. Chuo kitataka barua hiyo ya ulinganisho.

Na kama una deni la ada, chuo cha zamani huenda kisikupe transkripti mpaka ulipe. Nenda ukazungumze nao. Omba kulipa kwa awamu, na uombe makubaliano hayo yaandikwe.

3. JUA GREDI YAKO INAFUNGUA MLANGO GANI

Matokeo ya KCSE huhesabiwa kwa masomo saba. Kila somo lina pointi 1 (gredi E) hadi 12 (gredi A), kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 84. Kwa kawaida milango imepangwa hivi:

C+ na zaidi (pointi 46 kwenda juu): digrii katika chuo kikuu.
C- na zaidi (pointi 32 kwenda juu): diploma, ambayo katika mpango wa ufundi huitwa kiwango cha 6.
D na zaidi (pointi 18 kwenda juu): cheti, kiwango cha 5.
Chini ya hapo: kozi za ufundi wa mikono, viwango vya 4 na 3.

Kozi nyingine huweka masharti zaidi ya somo moja moja, kwa mfano uuguzi hutaka sayansi. Soma masharti ya kozi yenyewe.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: viwango hivi ni ngazi. Aliyemaliza cheti huweza kuomba diploma hata kama KCSE yake ilikuwa D. Aliyemaliza diploma vizuri huweza kuomba digrii. Hapo cheti cha chuo ndicho kinachokubeba. Njia ni ndefu kuliko ya aliyepata C+, lakini inafika, na kila ngazi unayomaliza ina cheti chake. Hata ukisimama njiani, hukurudi mikono mitupu.

Mfano tulio nao ni hapa hapa Dadaab. Mwaka 2013 ulianza mradi wa BHER, ambao uliunganisha Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Moi na vyuo vikuu viwili vya Kanada, York na British Columbia. Wengi wa wanafunzi walikuwa walimu wa shule za kambi ambao hawakuwa na mafunzo. Walianza na kozi ya matayarisho, wakaenda cheti, kisha diploma, na wapo waliofika digrii. Masomo ya ngazi ya chini yalihesabiwa katika ngazi ya juu. Walisoma huku wanafundisha.

4. JE, NIRUDIE KCSE?

Swali hili huulizwa kila siku. Jibu linategemea umekosa pointi ngapi na unataka kwenda wapi.

Tuchukue pointi 29 zangu. Mlango wa diploma unafunguka kwenye 32. Nilikosa pointi tatu tu. Mtu akipandisha Kiswahili kutoka C (pointi 6) hadi B (pointi 9), tayari amezipata hizo tatu. Kwa mtu kama huyo kurudia kuna maana. Lakini mwenye pointi 19 anayetaka 46 ajiulize kama miaka atakayotumia haingetosha kumfikisha diploma kwa njia ya ngazi.

Kumbuka mambo matatu:

Kwanza, tangu KCSE ya mwaka 2023 hesabu imebadilika. Sasa huhesabiwa Hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na masomo matano mengine uliyofanya vizuri zaidi. Zamani ulilazimika kuhesabiwa Kiingereza na Kiswahili pamoja, na sayansi mbili. Kwa watoto wa pwani na visiwani hili ni jambo kubwa. Ukikisomea Kiswahili, hicho kinaweza kuwa lugha yako inayohesabiwa.

Pili, ukitaka gredi mpya ya jumla, lazima ukae masomo yasiyopungua saba. Ukifanya somo moja au mawili utapata matokeo ya masomo hayo, lakini hutapata gredi ya jumla.

Tatu, na hili ni la haraka: darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linafanya KCSE mwaka 2027. Baada ya hapo wanafunzi wa shule ni wa mtaala mpya, na vitabu na walimu watafuata huko. Anayetaka kurudia asingoje "mwaka ujao" kila mwaka. Usajili wa watahiniwa wa kibinafsi hufanywa miezi ya mwanzo wa mwaka, na mtihani ni kati ya Oktoba na Novemba. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ni kituo gani kinachosajili watahiniwa hao.

5. ALIYEACHA CHUO KATIKATI: KURUDI AU KUHAMA?

Kwanza uliza kama unaweza kurudi chuo kile kile. Mara nyingi hiyo ndiyo njia nyepesi, kwa sababu rekodi yako iko hapo. Katika mafunzo ya ufundi yanayopimwa kwa umahiri, kila somo hupimwa peke yake. Ukiandikiwa kwamba hujafikia umahiri, unapimwa tena somo hilo, wala huanzi kozi upya.

Kama huwezi kurudi pale, kwa umbali, ada au sababu nyingine, unaweza kuomba kuhama. Fuata hatua hizi:

(a) Chagua kozi ya kiwango kile kile na iliyo karibu na ile ya kwanza. Masomo ya umeme hayahamishiki kwenye ushonaji.

(b) Andika barua ya kuomba masomo yako yatambuliwe. Ambatisha transkripti na muhtasari wa masomo.

(c) Usitarajie yote yakubaliwe. Kwa vyuo vikuu, taratibu za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) za mwaka 2014 haziruhusu kuhamisha nusu ya masomo au zaidi. Kikomo ni asilimia 49. Kwa hiyo aliyebakisha muhula mmoja ni heri arudi alikotoka.

(d) Omba jibu kwa maandishi, likitaja masomo yaliyokubaliwa, kabla ya kulipa ada.

Katika barua yako eleza kwa ufupi kilichotokea na kilichobadilika. Sentensi nne au tano zinatosha. Kwa mfano: "Mwaka 2020 niliacha masomo baada ya chuo kufungwa na mama yangu kuugua. Nilianguka masomo mawili. Tangu 2022 nafanya kazi ya jamii kambini na nimepata utulivu wa kusoma. Naomba masomo mawili niliyopita yatambuliwe." Usimlaumu mwalimu, usijitetee kurasa tatu. Anayesoma barua anataka kujua jambo moja: kitu gani kitazuia yale ya zamani yasitokee tena?

Nawe jiulize swali hilo kwa kweli. Kama ulianguka kwa sababu ulikuwa unachota maji, unapika na kulea wadogo zako mpaka usiku, na bado unafanya hivyo hivyo, panga kwanza nyumbani nani atakushika mkono. Wazazi wanaosoma ukurasa huu, hasa wenye mabinti, hapa ndipo msaada wenu unapotakiwa. Saa mbili za jioni bila kazi ni sehemu ya ada.

6. MWENYE UJUZI BILA CHETI

Wapo mafundi wetu walioshona, waliojenga au waliofunga nyaya za umeme miaka kumi bila karatasi yoyote. Hao wasijione hawana pa kuingilia. Mamlaka ya Mafunzo ya Viwanda (NITA) hupima mafundi kwa kazi ya mikono katika daraja tatu, kuanzia la III hadi la I. Na mwaka 2024 serikali ya Kenya ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini, chini ya Mamlaka ya Sifa za Elimu (KNQA). Weka picha za kazi zako, barua za uliowafanyia kazi, na vyeti vya semina fupi. Vyote hivyo ni ushahidi.

7. ADA NA RUHUSA YA SAFARI

Ufadhili wa DAFI, unaotolewa na serikali ya Ujerumani na UNHCR tangu 1992, huwasomesha wakimbizi digrii, na hapa Kenya husimamiwa na Windle International Kenya. Ushindani ni mkali, gredi hutazamwa, na umri una kikomo. Mwenye D+ asikae miaka akiungoja. Aanze na cheti anachoweza kukilipia au kilichofadhiliwa na mashirika ya mafunzo ya ufundi, kisha matokeo mapya ndiyo yamwombee.

Kama chuo kiko nje ya kambi, utahitaji ruhusa ya kusafiri kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi (DRS). Peleka barua ya kukubaliwa chuoni. Omba mapema, maana kuna watu waliokosa wiki za kwanza za masomo kwa sababu waliomba siku ya mwisho.

8. WANAORUDI KISMAYU NA WANAOKWENDA NG'AMBO

Tangu Desemba 2014 watu wengi wamerejea Kismayu kutoka Dadaab kwa mpango wa hiari. Ukiwa na nia ya kurudi, chukua vyeti na transkripti zako kabla ya kuondoka. Kuvifuata ukiwa Chula au Koyama ni safari ya bahari na ya mpaka.

Walioko Marekani watakuta vyuo vya jamii ambavyo hupokea karibu kila mtu bila kujali gredi za zamani, na baada ya miaka miwili mwanafunzi huweza kuhamia chuo kikuu. Uingereza ipo diploma ya watu wazima ya kuingilia chuo kikuu, na ipo Open University, iliyoanzishwa 1969, ambayo kozi zake nyingi hazidai cheti cha awali. Lakini hata huko fomu huuliza umesoma wapi kabla, na hutakiwa kutaja kila chuo. Ukificha kimoja na kikajulikana, unaweza kufukuzwa hata kama unafanya vizuri.

9. ONYO

Kuna watu wanaozunguka sokoni wakiuza vyeti. Watakwambia D+ inageuka C+ kwa wiki moja. Usiwasikilize. Vyuo na waajiri hupeleka majina KNEC kuthibitisha. Cheti cha kughushi ni kosa la jinai, na kwa mkimbizi ni hatari juu ya hatari. Zaidi ya hayo, hukuharibia hata kile kidogo chako cha halali. D+ ya kweli inakupeleka cheti, na cheti kinakupeleka diploma. C+ ya uongo inakupeleka kituo cha polisi.

MASWALI TULIYOULIZWA

Nilimaliza shule miaka kumi na mitano iliyopita. Je, cheti changu kimekufa?
Hapana. KCSE haina mwisho wa matumizi. Ufadhili ndio wenye kikomo cha umri, si cheti.

Nilipata E. Je, nianze wapi?
Kiwango cha 3 au cha 4 cha ufundi, au upimwe na NITA kama tayari una kazi ya mikono.

Naona haya kukaa darasa moja na watoto.
Haya hiyo ni ya wiki mbili. Mimi nina wanafunzi wenzangu wa miaka kumi na minane. Siku ya kwanza waliniita mwalimu kwa makosa. Sasa tunasomeana maswali.

Ndugu msomaji, wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Wiki hii fanya jambo moja tu: itoe ile karatasi ndani ya sanduku, uisome tena yote, na uandike pembeni masomo uliyopita. Kisha njoo nayo ofisini. Ukipenda, njoo jioni foleni ikiisha. Tutaisoma pamoja.

Mhudumu wa Jamii